Ibn Al-Haytham: Mwanachuoni aliyeifundisha nuru kwa taa na kijitundu

 

Ndugu Waislamu, safu yetu Ijumaa ya leo inaeleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa kila inapozungumzwa michango ya Waislamu katika elimu, lakini ambaye kazi yake ni wachache walioitazama kwa karibu. Huyu ni Abu Ali Al-Hasan bin Al-Hasan bin Al-Haytham, ambaye wasomi wa Ulaya wa zamani walimwita Alhazen. Wengi wetu tumesikia kwamba aliandika juu ya nuru na macho. Tusichokisikia mara nyingi ni namna alivyoifundisha elimu hiyo: kwa taa za mafuta, mlango wa mbao, tundu la ukuta, chombo cha maji na vioo vya chuma. Sisi wenye watoto shuleni na madrasa jambo hilo linatuhusu sana, kwa sababu wapo vijana wanaoweza kukariri kanuni zote za mawimbi na mwanga katika daftari la fizikia na hawajapata hata mara moja kushika kioo na kuitafuta kanuni hiyo kwa mikono yao.

Ibn Al-Haytham alizaliwa katika mji wa Basra, Iraq, takriban mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Basra ya wakati ule ilikuwa bandari ya wafanyabiashara na pia mji wa mabishano makali ya kielimu baina ya madhehebu na makundi ya wanafalsafa. Husimuliwa kwamba katika ujana wake aliyasikiliza makundi hayo, kila moja likidai kuwa haki iko kwake, kisha akaona kwamba anahitaji njia ya kufikia yakini inayoanzia kwenye mambo ambayo hisia huyashuhudia na akili huyapanga. Akazama katika hesabu, jometri, falaki na vitabu vya Wayunani.

Habari iliyomfanya atoke Iraq imehifadhiwa na mwanahistoria Ibn Al-Qifti, na inafaa kuelezwa kwa utulivu. Ibn Al-Haytham alikuwa akisema kwamba lau angekuwa Misri, angeufanyia Mto Nile kazi ambayo ingewanufaisha watu wakati wa mafuriko na wakati wa upungufu wa maji. Maneno hayo yakamfikia Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Al-Hakim alipenda elimu, na alianzisha Dar Al-Ilm mjini Cairo mwaka 1005, lakini alikuwa mtu asiyetabirika. Mawaziri na maofisa wake kadhaa waliuawa kwa amri yake. Alimtumia Ibn Al-Haytham mali kwa siri, akamwita, akatoka mwenyewe nje ya mji kumlaki, kisha akampa wajenzi na mafundi wa kufuatana naye hadi kusini.

Msafara ukapanda mto. Njiani Ibn Al-Haytham aliyaona mahekalu na majengo makubwa ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa vipimo na ustadi wa hali ya juu. Moyo wake ukaanza kumwambia jambo: watu waliojua jometri kiasi kile, kama lile alilolikusudia lingewezekana, wangelifanya kabla yake. Walipofika Al-Janadil, sehemu ya maporomoko kusini ya Aswan, aliyakagua maji kutoka kando zote mbili na akahakikisha kwamba haliwezekani kwa zana alizokuwa nazo. Nile ni mto unaokusanya maji kutoka Ziwa Victoria na kutoka nyanda za juu za Ethiopia, na Bwawa Kuu la Aswan, lililozuia mafuriko yake, lilikamilika mwaka 1970 kwa mitambo ambayo karne ya kumi na moja hawakuiota.

Akarudi Cairo, akasimama mbele ya mtawala yule wa kuogopwa na kumweleza kwamba ameshindwa. Ndugu msomaji, tuupime ushujaa huo kwa mizani yake. Angeweza kujenga kitu chochote pale mtoni, akachukua mali na kuwaachia mafuriko yajayo yaeleze ukweli. Aliomba radhi. Al-Hakim alionyesha kuikubali na akampa kazi katika ofisi za serikali, naye akaishika kwa hofu. Alipoona maisha yake yamo hatarini, akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, naye akafungiwa nyumbani kwake, akabaki katika hali hiyo mpaka Al-Hakim alipotoweka usiku mmoja wa mwaka 1021 katika vilima vya Muqattam. Hapo tu ndipo Ibn Al-Haytham alipoidhihirisha akili yake, akarudishiwa mali yake, na akaenda kuishi karibu na msikiti wa Al-Azhar.

Simulizi maarufu husema kwamba kitabu chake kikubwa, Kitab Al-Manazir, alikiandika katika kifungo hicho. Inapendeza kusimuliwa, ila Profesa Abdelhamid Sabra, aliyechapisha tafsiri ya Kiingereza ya sehemu tatu za mwanzo mwaka 1989, alizilinganisha orodha za kale za vitabu vyake na kukiweka baadaye, kati ya 1028 na 1038. Hoja yake ina nguvu kuliko simulizi. Kilichothibiti zaidi kuhusu maisha yake ya Al-Azhar ni chumo lake. Kila mwaka alinakili kwa mkono kitabu cha Euclid, kitabu cha falaki cha Ptolemy na vile vitabu vya kati vilivyosomwa baina ya hivyo viwili, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo zikamtosha kwa mwaka mzima. Hakutaka tena cheo kwa mtawala yeyote.

Sasa tuingie katika elimu yenyewe. Wanafalsafa wa kale walihitilafiana: je, jicho huona kwa sababu linatoa miale inayokwenda kukigusa kitu, au kwa sababu kitu huleta sura yake ndani ya jicho? Euclid na Ptolemy walishika kauli ya kwanza, na majina yao yalikuwa makubwa kiasi kwamba wengi waliridhika. Ibn Al-Haytham alianza na jambo ambalo hata mtoto analijua: ukilitazama jua, jicho huumia, na ukitazama mwanga mkali kisha ukageukia mahali penye giza, alama ya mwanga ule hubaki machoni kwa muda. Kwa hiyo kuna kitu kinachoingia na kulitendea jicho. Nacho ni nuru, inayotoka kwenye jua au taa, au inayoakisiwa na vitu vingine, kila nukta ya kitu ikiitawanya pande zote kwa mistari iliyonyooka.

Lakini hapo likazuka swali gumu. Ikiwa kila nukta ya kila kitu hutawanya nuru pande zote, basi hewa iliyo mbele yetu imejaa nuru nyingi zinazopishana. Kwa nini hazichanganyiki tukaona ukungu mtupu?

Jibu lake alilipata chumbani. Alimwagiza mwanafunzi achukue chumba chenye giza wakati wa usiku, chenye tundu dogo au mlango wa mbao wa vipande viwili ulioachwa mwanya mwembamba. Nje, mkabala na mwanya ule, zipangwe taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, kwenye ukuta wa mbele, vitaonekana vipande vya mwanga kwa idadi ya taa, kila kimoja peke yake, kikiwa katika mstari ulionyooka na taa yake. Taa ya kulia itamulika upande wa kushoto wa ukuta, na ya kushoto upande wa kulia. Kisha taa moja ifunikwe. Kipande chake peke yake hutoweka ukutani, vingine vyote vikabaki. Taa ikifunuliwa, kipande kinarudi pale pale.

Nuru zote hizo zilipita katika tundu moja, kwa wakati mmoja, na hakuna iliyoharibu njia ya mwenzake. Jaribio hili la taa chache lilijibu swali ambalo mabishano ya karne nyingi hayakulijibu, na mwandishi huyu haoni aibu kusema kwamba kwake yeye ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika kitabu kizima.

Familia yoyote inaweza kulirudia. Vibatari vitatu au mishumaa mitatu yatosha, mzazi akiwa karibu kwa ajili ya usalama wa moto, au tochi kwa wasiotaka moto. Kadibodi itobolewe kijitundu na kusimamishwa mbele ya ukuta mweupe wa chumba chenye giza. Mtoto aambiwe afunike taa moja kwa mkono, na kabla hajafunika aulizwe ni doa lipi litakalozimika. Akikosea, asikemewe, afunike aone.

Baada ya hapo lichukuliwe karai pana la maji yaliyotulia, na mtoto adondoshe vijiwe viwili, kimoja kila upande. Duara mbili za viwimbi zitatanuka, zitakutana katikati na kupishana, kisha kila moja itaendelea na safari yake kana kwamba haikukutana na mwenzake. Zikifika ukingoni mwa karai zitarudi, kama mwanga unavyorudi kwenye kioo. Na akitaka kujua ni nini hasa kinachosafiri, afunge kamba ndefu kwenye nondo ya dirisha, afunge kitambaa katikati yake, kisha aitikise ncha iliyo mkononi. Wimbi litakimbia hadi dirishani, lakini kitambaa kitapanda na kushuka pale pale kilipo. Kinachokwenda ni mtikisiko. Kamba yenyewe haiendi popote. Kwa karai na kamba, kijana amekwisha kuziona sifa za mawimbi ambazo mwalimu wake ataziandika ubaoni wiki ijayo.

Tusimzulie Ibn Al-Haytham lisilokuwa lake. Yeye hakusema kwamba nuru ni mawimbi. Kauli hiyo aliitetea Mholanzi Christiaan Huygens katika kitabu cha mwaka 1690, na Mwingereza Thomas Young akaipa ushahidi mwanzoni mwa karne ya 19, alipoonyesha kwamba mwanga unaopita sehemu mbili nyembamba zilizo karibu huacha mistari ya mwanga na giza, kama viwimbi viwili vya maji vinavyoongezana mahali fulani na kufutana mahali pengine. Vilevile wapo ndugu zetu wanaopenda kusema kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu kwa sababu ya chumba chake cha giza. Neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni chumba. Mtu huyu hahitaji kupambwa kwa mambo yasiyothibiti, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuyakataa.

Neno alilolitumia kwa jaribio ni itibari. Katika Kiswahili tunalo neno hili kwa maana ya kuaminika, na mtu asiye na itibari hukopeshwa na nani? Kwa Kiarabu shina lake ni kuvuka kutoka jambo moja kwenda lingine, na ndiko linakotoka neno ibra, mazingatio. Katika Sura ya Al-Hashri wenye kuona wameamrishwa kufanya jambo la shina hilohilo, yaani kuzingatia. Ibn Al-Haytham alilichukua neno lililozoeleka katika mawaidha na hukumu, akalifanya liwe kazi ya macho na mikono: usiiamini kauli mpaka umeipitisha katika jaribio ambalo mwingine anaweza kulirudia. Ndiyo maana maelezo yake ni marefu hadi kumchosha msomaji wa leo. Anataja upana wa tundu, unene wa ubao, jinsi ya kuvuta uzi ili kuhakikisha mstari umenyooka, na wakati wa kuingia chumbani. Hata mwanga wa alfajiri aliujaribu, kwa kumketisha mtazamaji katika chumba cha giza kabla ya jua kuchomoza, ili aone kwamba nuru ile inayotangulia jua nayo huingia tunduni kwa mistari iliyonyooka.

Kanuni ya kuakisiwa kwa nuru, kwamba mwale hurudi kwenye kioo kwa pembe sawa na ile ulioingilia, Wayunani waliijua. Yeye alitengeneza kifaa cha shaba chenye pembe zilizopimwa, akakitumia kwa vioo saba vya chuma: kimoja bapa, na sita vya kubonyea na kubinuka vya maumbo ya tufe, mcheduara na pia, apate kuona kama kanuni inasimama kila mahali. Ikasimama. Kuhusu kupinda kwa nuru inapoingia katika maji au kioo, alitumbukiza chombo chenye alama za vipimo ndani ya maji na kufuatilia njia ya mwale. Akaeleza kwamba nuru huchukua muda kusafiri, ingawa muda huo hisia haziutambui, na kwamba hupita polepole zaidi katika kitu kizito kama maji kuliko katika hewa. Isaac Newton, pamoja na ukubwa wake, alishika kauli iliyolazimu kinyume cha hilo. Mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alipima, na ikaonekana kwamba nuru kweli huenda polepole zaidi majini.

Hata kwa Ptolemy, ambaye vitabu vyake alivinakili ili apate riziki, hakunyamaza. Aliandika kitabu kizima cha shaka juu yake, akieleza humo kwamba atafutaye haki hapaswi kuridhika na maandishi ya waliotangulia kwa kuwadhania mema tu, anapaswa kuyahoji, na katika kuhoji huko aishuku na nafsi yake isije ikampendelea au kumwonea mtu.

Alifariki mjini Cairo takriban mwaka 430 Hijria, sawa na 1040 Miladia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwanzo wa karne ya 13, kikasomwa na Roger Bacon na Witelo, na mwaka 1572 kikachapishwa mjini Basel na Friedrich Risner. Johannes Kepler akaanzia hapo alipoandika juu ya jicho mwaka 1604. Iraq imeiweka sura yake kwenye noti ya dinari 10,000. Kwa upande wetu, miaka karibu mia tatu ilipita kabla ya kupatikana mtu wa kukiendeleza kwa uzito unaostahili, naye ni Kamal Al-Din Al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki takriban mwaka 1318. Huyu hakukisifu tu kitabu. Alijaza maji katika tufe la kioo, akalifanya mfano wa tone moja la mvua, akaliweka katika chumba cha giza chenye mwale wa jua, na kwa tufe hilo akaeleza namna upinde wa mvua unavyotokea: nuru hupinda ikiingia katika tone, huakisiwa ndani, kisha hupinda tena ikitoka. Mtu mmoja katika miaka mia tatu ni wachache, na yafaa watu wanaojivunia jina la Ibn Al-Haytham kila mwaka waulizane kwa nini.

Imebaki kazi yake moja ndogo, nayo ina manufaa ya karibu. Aliandika risala juu ya umbo la jua linapopatwa. Aliona kwamba jua likimegwa na mwezi, mwanga wake ukipita katika kijitundu cha duara huacha ukutani sura ya hilali, ilhali tundu ni la mviringo. Akaeleza kwa jometri kwa nini, na kwa nini tundu likiwa kubwa sura hiyo hupotea. Waliokuwa Rujewa, mkoani Mbeya, siku ya Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki kama pete, waliweza kuziona sura hizo chini ya miti, kwa sababu nyufa baina ya majani hufanya kazi ya kijitundu.

Kwa hesabu za wanafalaki, Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika miji ya Luxor, Jeddah na Makka Tukufu, na kwetu Afrika Mashariki litaonekana limemegwa sehemu, wakati wa mchana. Ni haramu kuyaponza macho ya watoto kwa kuwaacha walitazame jua moja kwa moja, hata likiwa limemegwa. Walipe mgongo, washike kipande cha kadibodi kilichotobolewa kwa pini, na karatasi nyeupe iwekwe chini mahali mwanga unapoangukia. Swala ya kusufi ni rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili. Kadibodi hiyo haina uzito wa kumshinda mtoto kuichukua hadi uwanja wa msikiti, akawaonyesha wenzake kabla imamu hajasimama.